Ngazi ya Bei ya Njia Panda

Mume wangu hutengeneza ngazi za chuma, na watu wote wanamwita Panda. Jina halikutoka mbali. Mteja akija kuchukua ngazi yake, mume wangu anaiegemeza kwenye ukuta wa karakana, anasimama kando, mikono nyuma, na kusema neno moja: "Panda." Unavua viatu, unapanda mpaka kipago cha juu kabisa, unajitikisa huko juu mpaka uridhike, ndipo unashuka kulipa. Asiyepanda hauziwi. Mwaka mmoja alikuja mama mwenye duka, mjamzito wa miezi minane. Panda akapanda mwenyewe kwa niaba yake, mfuko wa saruji begani, na mama wa watu akakaa kwenye benchi akihesabu vipago kwa sauti.

Ngazi zake ni ghali, sifichi. Pale njia panda utapata ngazi kwa nusu ya bei yake, zinang'aa utafikiri zimepakwa mafuta. Bomba jembamba, vipago vimeshikizwa kwa nukta mbili za kuchomelea, halafu rangi nzito ya kufunika aibu. Watu wanapita karakana yetu, wanauliza bei, wanaguna, wanakwenda huko. Miaka ishirini nasikia miguno hiyo na bado mori unanipanda. Mtu huyo huyo anayeguna atasimama juu ya takataka ile na ndoo mkononi, na akivunjika mgongo atasema ni mkosi.

Kaka yangu ni mmoja wao, tena kinara. Anachukua kazi za kupaka rangi majengo, ameajiri watu wanne, na tangu utotoni hajanunua kitu bila kulia bei. Viatu vyake vya harusi viliachia soli kabla hajamfikia bibi harusi. Unadhani aliona haya? Alitwambia alivipata kwa bei ya ndala.

Siku moja alikuja kwetu, akaipita karakana bila kusimama, akaingia moja kwa moja jikoni kwangu.

"Dada, niombee kwa shemeji. Nataka ngazi, ila aitengeneze kwa bomba jepesi. Bei iwe ya njia panda, mkono uwe wake."

"Si umwambie mwenyewe?"

"Mimi atanifukuza. Wewe hawezi."

Alijua alichokuwa anafanya. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaenda. Nilimwandama mume wangu siku tatu, mezani mpaka chumbani. Nikamwambia yule ni damu yangu, nikamwambia ndugu zangu watasema amewadharau. Siku ya nne akakata bomba jembamba bila kunitazama usoni. Akatengeneza ngazi fupi, ya kufikia dari ya chumba na isizidi hapo, na kaka alipokuja kuichukua alimweleza hivyo mara mbili. Kisha akaiegemeza ukutani.

"Panda."

"Nina haraka, shemeji. Kwani mimi ndiye nitakayeipanda? Nina watu wa kupanda."

Mume wangu akanitazama. Nikamfanyia ishara amwache. Ndiyo ngazi pekee iliyowahi kutoka pale bila kupandwa, na iliruhusiwa na mimi.

Wiki mbili baadaye, natoka sokoni, nikapita kwenye jengo la ghorofa ambalo kaka alikuwa analipaka rangi. Nikainua macho. Ile ngazi fupi ilikuwa imechomelewa kipande kingine chini, imekuwa ndefu mara mbili. Juu yake alikuwa mpaka rangi mmoja wa makamo ya baba yangu, wanamwita Mzee Brashi. Kila akinyoosha mkono, ngazi inabonyea katikati, inarudi, inabonyea tena. Chini hapakuwa na mtu wa kuishika. Kaka alikuwa kivulini na simu sikioni, anacheka.

Sikupiga kelele, ningemshtua mzee. Niliweka kikapu chini, nikaishika ngazi kwa mikono miwili, nikamwomba ashuke polepole. Alipokanyaga ardhi ndipo nilipoiachia ngazi. Nilikuwa na hasira na kaka yangu, na hasira zaidi na mwanamke aliyemwandama mumewe siku tatu.

Nikampigia mume wangu simu. Alikuja na msumeno wa chuma, hakusalimia mtu, akaikata ngazi vipande vinne palepale.

"Hiyo mali yangu," kaka akasema. "Nimeilipia."

"Ulilipia ya chumbani," mume wangu akamjibu, akaendelea kukata.

Aliyenichoma alikuwa Mzee Brashi. "Na mimi je? Mmekata ngazi, mmekata na siku yangu. Sasa nipande hewa?"

Mume wangu akaondoka, akarudi na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na ngazi ndefu aliyoimaliza juzi, bomba nene, ya kuuzwa. Akaiegemeza.

"Panda, mzee."

Mzee Brashi akavua viatu, akapanda mpaka juu, akajitikisa, akashuka.

"Ni yako," mume wangu akamwambia. "Siyo ya huyu. Ukihama kazi, hama nayo."

Sikumuuliza kuhusu bei. Ilikuwa faini yetu, na ilituuma ilivyostahili kutuuma.

Kaka akatabasamu. Nilitamani kumzaba kofi. "Hayo sasa ndiyo mambo, shemeji. Ungeanza hivyo toka mwanzo. Haya mzee, ndoo hiyo, muda unakwenda."

Mzee Brashi hakugusa ndoo. Alikaa chini akavaa viatu vyake, mguu mmoja, kisha wa pili, akafunga kamba.

"Bosi, bei ya jana ilikuwa ya mtu asiye na ngazi," akasema. "Mwenye ngazi yake ana bei nyingine." Akaitaja. Ilikuwa karibu mara mbili.

Kaka akaguna. Halafu, kama alivyozoea, akanigeukia mimi.

"Dada, hebu ongea na mzee apunguze."

Nikaokota ndoo ya rangi, nikamwekea mkononi.

"Mlipe," nikamwambia, "au upande mwenyewe."