Uso Uliocheka Bila Ruhusa Yangu

Wapendwa wa fellowship, kama leo asubuhi ulipiga mwayo na mdomo ukafunguka wote, mshukuru Mungu kwanza, kisha uendelee kusoma.

Naitwa Elibariki, kidato cha tatu, naishi Nakwa na mama. Kabla ya kuugua nilikuwa mzima, na mdomo ndio ulikuwa mzima kuliko viungo vyote. Niliweza kumuigiza mwinjilisti wetu mpaka anavyofuta jasho. Alikuwa na habari zangu, na alikuwa ananisubiri.

Ilianzia shambani Singe, tukipalilia mahindi. Jembe likanikata dole gumba la mguu. Nikabandika udongo, damu ikakata, nikaendelea kupalilia, maana mama alikuwa ananiangalia kwa lile jicho la "unatafuta sababu". Kidonda kikafunga kwa juu. Ndani kilikuwa na mambo yake.

Wiki iliyofuata, mchana shuleni, makande yakagoma kuingia. Taya limekaza, kijiko kinagonga meno. Rajabu, ninayekaa naye dawati moja, akawaita wengine: "Oya njooni, Eli kaanzisha mpya." Nikajaribu kusema naumwa, ikatoka sauti ya mbuzi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kusema ukweli ilichekesha.

Jumapili ndiyo mambo yakaharibika. Shingo ilikuwa ngumu kama mpini, na uso ukaanza kujivuta wenyewe: nyusi juu, midomo pembeni, meno yote nje. Nilikuwa nasikia maumivu ya kulia, uso unacheka. Na mwinjilisti siku hiyo anahubiri ziwa la moto.

Akanyoosha kidole. "Elibariki. Unachekea jehanamu?"

Ningejibu na nini?

"Mnaona, wapendwa? Bado anaendelea."

Mzee mmoja wa kanisa akanipiga kofi la kisogoni. Mwili wote ukakakamaa palepale. Nikaanguka kama ubao, nikajikojolea mbele ya kwaya nzima, na pale chini bado nacheka.

"Pepo la dharau," mwinjilisti akatangaza.

"Ni mtoto na anaumwa," mama akasema. Akatoka kutafuta bajaji.

Hospitali daktari alitazama miguu yangu kabla ya uso. Akalibonyeza dole, usaha ukatoka. "Pepopunda," akasema. Wakakichimba kile kidonda, wakanidunga sindano nisizoweza kuzihesabu, wakanipitishia mpira puani wa uji na mwingine chini wa mkojo. Kisha nikalazwa chumba cha peke yangu chenye mapazia mazito.

Daktari akamwambia mama, "Mama Elibariki, nisikilize vizuri. Mwanga, kelele, kumgusa ghafla, vyote vinakaza misuli. Ikikaza ya kifua, hapumui. Dawa yake kubwa sasa hivi ni kimya."

Alisema kweli. Mlango ukigonga tu, mgongo unajikunja kama upinde, kichwa na visigino peke yake vinagusa godoro. Nilijing'ata ulimi mpaka mto ukalowa damu. Na akili inakuwa timamu muda wote. Huo ugonjwa hauna hata adabu ya kukuzimisha.

Saa ya kuona wagonjwa, mwinjilisti akaja na kikundi cha maombi. Mama alifurahi. Yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama, hao walikuwa watu wake. Akawanong'oneza, "Ila daktari anasema taratibu."

"Haleluya!"

Nikajikunja. Pumzi ikakwama.

"Linatoka! Ongezeni!"

Wakaongeza. Mmoja alikuwa na tari. Kila wakipiga nakaza, kila nikikaza wanaona ushindi, wanapiga zaidi. Nilikuwa nawasikia wote, natamani niwaambie wananiua, lakini uso unawachekea kama mwenyeji mwema. Nikaona giza pembeni mwa macho.

Ndipo nikasikia sauti ya mama, ndogo, inatetemeka.

"Shikamoo mwinjilisti."

Tari ikanyamaza. "Marahaba, mama."

"Naomba mtoke."

"Mama Elibariki, unamfukuza Roho Mtakatifu?"

"Huyo abaki. Nakufukuza wewe."

Akawasindikiza mpaka nje, akafunga mlango polepole kama mwizi. Kifua kikaachia. Mama akakaa sakafuni gizani, midomo inacheza bila sauti, mpaka nesi alipokuja.

Nilikaa huko wiki nyingi. Taya lilifunguka kidogo kidogo, na chakula changu cha kwanza kilikuwa ndizi iliyopondwa, nikaila kwa machozi. Nilirudi kanisani na fimbo, nimekonda kama ufagio. Mwinjilisti akaninyanyua mkono akatangaza kwamba maombi yake yamejibiwa. Vigelegele. Mama naye alipiga makofi, kutoka benchi la nyuma kabisa, maana wazee walishamvua uenyekiti na kumzuia Meza ya Bwana mpaka atubu kumfukuza mtumishi.

Ushauri wangu ni mfupi. Ukijikata, osha kwa maji na sabuni, nenda ukachomwe sindano, udongo uache shambani. Ukienda kumuombea mgonjwa, muulize nesi kwanza. Mungu si kiziwi.

Mtauliza, na imani je? Juzi mwinjilisti kashikwa na malaria. Mama akapika uji wa maziwa, akajaza chupa ya chai, akanipa.

"Peleka."

"Kwa yule? Mama, nusura aniue."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Nikienda mimi nitammwagia."

Nikapeleka. Uji wenyewe ulikuwa na sukari kuliko wa kwetu. Mwinjilisti akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Mwambie mama yako adhabu iko palepale."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni. "Kasemaje?"

"Kasema asante, Mungu akubariki."

Akafurahi kutwa nzima, akaosha vyombo anaimba. Namshukuru Mungu aliyenifungulia mdomo, hata kama kazi nzuri kuliko zote niliyoufanyisha mpaka leo ni uongo huo.