Madaftari Kumi na Saba Yatafutiwa Kabati

Kwamba ofisi moja ya kuhifadhi kumbukumbu mjini Busia iliuza mafaili yake ya zamani kama karatasi za kufungia, hilo niliambiwa. Kwamba nilinunua njugu sokoni zikiwa zimefungwa katika ukurasa wa kesi ya shamba, wenye majina na alama za vidole gumba, hilo niliona. Ukurasa niliukunjua mwenyewe. Kwa sababu hiyo sikuyapeleka madaftari yangu katika ofisi hiyo.

Yalikuwa kumi na saba. Miaka ya kwanza ya uhuru, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, kila likizo nilitembea kati ya Malaba na Busia nikiandika habari za familia zilizolima pande zote mbili za mpaka: nani analima wapi, anapanda nini, alirithi kwa nani. Kila mmoja nilimwahidi kwamba habari zake hazitamfikia chifu, kwa maana siku zile mwenye shamba Uganda aliweza kuulizwa yeye ni raia wa wapi.

Mchwa walipoingia sandukuni mwangu, parokia ilinipa nafasi katika stoo yake. Ilikuwa kavu, lakini haikuwa na kufuli. Nikayanakili madaftari yote upya, na mahali pa majina nikaweka namba. Nilijiona nimemaliza kazi. Kisha nikaenda kijiji cha Moding kumsomea mjane mmoja mzee ukurasa wake.

"Huyo namba tisa ni nani, mwalimu?"

"Ni wewe, mama. Hakuna atakayejua."

Alicheka hadi akaliweka jembe chini. "Umeandika ghala la wimbi ambalo mlango wake unatazama Uganda. Moding nzima kuna lingine? Hata mbuzi wa chifu wanalijua! Umenivua jina, ukaniachia uso."

Alisema kweli. Kulifuta ghala kungeharibu ushahidi; kuliacha kungemfichua. Kilichohitajika ni kufuli.

Nikapanda gari moshi Malaba hadi Nairobi, nikaenda kwenye maktaba ya chuo kimoja. Mtunza nyaraka alilisoma sharti langu, kwamba yasifunguliwe kwa miaka thelathini, akatabasamu.

"Mwalimu, miaka thelathini! Wewe mwenyewe utakuwepo?"

"Sikuuliza hilo. Nauliza kama mna kufuli."

Akanionyesha kabati la chuma. Nilikataa kuondoka mpaka sharti liandikwe kwenye risiti na kupigwa muhuri, na ufunguo ugeuzwe nikiona.

Baadaye nilisikia kwamba kabati lilihamishwa. Sikuliona likihamishwa, kwa hiyo silisemi zaidi.

Niliporudi Moding nilimkabidhi mjane ile risiti. Hakujua kusoma. Aliigeuza mara mbili.

"Jina langu limo humu?"

"Halimo, mama."

"Na ghala?"

"Nalo halimo."

Akanirudishia karatasi, akanionyesha jembe la pili. Tulipalilia wimbi wake, mimi na yeye, mpaka mwisho wa shamba.