Picha ya Nyapara

Kwetu msichana hakumtazama mzee machoni. Ulimpa mkono huku unatazama chini, ukajibu ulichoulizwa, ukaenda zako. Ndiyo maana nilikaa jirani na nyapara wa shamba letu la kahawa, huku Ruiru, tangu nizaliwe, nikamjua kwa viatu, kwa fimbo na kwa sauti, lakini ungeniuliza macho yake yakoje ningekuona huna adabu. Na ile kofia yake kubwa ya jua haikusaidia.

Binti yake alikuwa rafiki yetu. Tulikuwa watatu: yeye, binti wa seremala wa shamba, na mimi. Tulisoma pamoja, tulichota maji pamoja, na sisi wawili tulichoka pamoja kusikia habari za ile picha. Kabla ya Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali dhidi ya wapiganaji wa msituni, mama mmoja wa Kizungu alikuwa amepita akichora watu wetu katika mavazi ya zamani. Alimkalisha nyapara kwenye kigoda, ngozi ya mbega begani, akamchora siku nzima. Sasa picha ilikuwa Nairobi, ndani ya jumba la makumbusho.

"Wazungu wanatoka mbali kumwangalia baba yangu," rafiki yetu alituambia, kidevu juu.

"Hata ng'ombe wao wanawaangalia," binti wa seremala alimjibu.

Tulicheka wote, na yeye akacheka kuliko sisi. Alikuwa na moyo mzuri yule msichana, na mpaka leo nikimkumbuka napata hasira nisiyojua niipeleke wapi.

Halafu gunia likaja. Asubuhi moja askari walizunguka laini zetu, zile nyumba za vibarua, wakatupanga uwanjani tunapoanikia kahawa na kutuamuru tutazame chini. Wakamleta mtu aliyefunikwa gunia la kahawa kutoka kichwani hadi magotini, limetobolewa matundu mawili ya macho. Tulimwita Gakunia, yaani kigunia. Alipita mbele ya kila mtu polepole, bila kusema neno. Akitikisa kichwa mbele yako, basi, wewe ulikula kiapo, wewe ni mtu wa msituni, panda lori. Hakuna aliyekuuliza kama ni kweli. Alitikisa kichwa mbele ya seremala.

Binti wa seremala alikuwa amesimama ubavuni mwa babake. Sote tulikuwa tunahesabu kokoto, lakini yeye aliinua uso akatazama ndani ya yale matundu.

"Gunia si mzee," aliniambia baadaye. "Niliinamie kwa nini?"

Aliona kwamba jicho la kushoto lina doa jeupe, dogo kama punje ya chumvi, karibu na mboni. Nilimwambia alimeze hilo doa, asimwambie hata mamake. Wakubwa huenda walijua zaidi yetu, lakini wakubwa wa siku zile walijua mengi na hawakusema.

Ikatangazwa kwamba Jumatatu gunia linarudi, na safari hii wake za waliochukuliwa watapangwa mbele. Mke wa seremala alikuwa na mtoto mchanga. Alianza kumfundisha binti yake kupika uji mwepesi na kumlisha yule mtoto kwa kijiko, maana alitaka mtoto azoee mapema. Niliwakuta wakifanya hivyo. Mama alikuwa anafundisha kama mtu anayefundisha kusuka kikapu, na binti alikuwa analia ndani ya uji.

Wiki hiyohiyo nyapara akasema atatupeleka Nairobi tuone picha yake. Siku zile Mkikuyu hakwenda hata Thika bila kibali, lakini nyapara alipata vibali vyetu kwa siku moja.

"Na huyo wa seremala aende," alisema. "Asahau kidogo."

Mama yangu alisema huyo ni mtu wa huruma. Na kweli alikuwa na huruma yake. Kila siku askari walipokuja kutukagua yeye alikuwa safarini, ametumwa Thika kutafuta vipuri vya mashine ya kahawa, na jioni hakurudi bila mkate. Mkate mweupe wa dukani, sisi watoto wa laini tuliuota. Binti yake alikuwa anaukata vipande vitatu sawasawa na kutuletea vyetu.

Jumamosi tulipanda lori la shamba. Kaka yangu, ambaye alikuwa mpakiaji, alitunyanyua mmoja mmoja akatukalisha juu ya magunia ya kahawa.

"Mkiona Mzungu mwenye meno mazuri mniletee shemeji," alisema.

"Wewe nani atakutaka na hayo masikio?" nilimwambia. Alipiga ubao wa lori, tukaondoka, naye akabaki anacheka barabarani.

Karibu na Kiuu tulisimamishwa. Askari alisoma vibali, akatutazama, akavisoma tena. Rafiki yetu alimtajia jina la babake na yule askari akarudi nyuma hatua, akatufungulia njia. Binti wa seremala aliliona hilo. Aliliona na akaangalia pembeni.

Nairobi ilinitisha, sitadanganya. Nilikuwa nimeiwaza kama Thika iliyoongezwa, kumbe kulikuwa na seng'enge kwenye vichochoro na wanaume wamechuchumaa mstarini, mikono kichwani, huku watu wenye viatu safi wanapita kando yao kwenda dukani. Dereva alitushusha penye kilima cha makumbusho akasema atatuchukua saa kumi, tusipokuwepo shauri yetu.

Ndani kulikuwa baridi na harufu ya dawa. Kulikuwa na wanyama waliokufa wamesimama, simba, nyati, ndege kwenye vitawi, wote wakitukodolea macho ya gololi. Bawabu, mtu mweusi mwenye vifungo vya shaba, alitufuata chumba hadi chumba akisema tusiguse. Hatukuwa na haja ya kugusa. Rafiki yetu alituvuta mikono mpaka chumba cha picha, na kuta zote zilikuwa watu wetu: wazee, wanawake wenye shanga, vijana wenye mikuki. Kila mmoja alitutazama.

"Huyu hapa," alisema.

Nyapara hakuwa na kofia. Kwa mara ya kwanza maishani nilimtazama mzee machoni nikitaka, kwa muda niliotaka, na hakuna wa kunikemea. Alikuwa mtu mzuri wa sura. Yule mama Mzungu alikuwa fundi: alichora kila mkunjo, kila unywele wa ile ngozi. Na katika jicho la kushoto, karibu na mboni, alichora doa jeupe.

Niligeuka. Binti wa seremala alikuwa amenyoosha mikono yake miwili mbele ya uso wake mwenyewe, mmoja unaficha paji la picha, mwingine unaficha pua na mdomo, na anachungulia katikati. Alisimama hivyo mpaka mwenzetu akamwona.

"Unafanya nini?" rafiki yetu aliuliza, akicheka. "Si amependeza?"

Alishusha mikono. "Amependeza," alisema.

Nje nilimvuta kando wakati mwenzetu anakunywa maji bombani. Nikamwambia: "Hukuona kitu. Akijua tunajua, Jumatatu mama yako anakwenda. Unanisikia?"

"Na nikinyamaza haendi?" aliniuliza.

Njia nzima kurudi rafiki yetu aliimba nyimbo za kanisani, peke yake.

Nyapara alikuwa anatungoja penye lango la shamba, kofia kichwani, amefurahi. Wewe fikiria mtu amekaa miaka ukutani na hajawahi kujiona. Aliniuliza mimi kwanza: nilionaje, amefanana?

"Sikuona vizuri, baba," niliviambia viatu vyake. "Kulikuwa na watu mbele."

"Na wewe?"

Binti wa seremala aliinua uso. Alimtazama chini ya ukingo wa kofia, jicho kwa jicho, mbele ya dereva na mbele ya vibarua, jambo ambalo sikuwahi kuona msichana wa kwetu akilifanya.

"Macho, baba," alisema. "Macho ndiyo yamefanana. Ningeyajua popote."

Nyapara hakumkemea. Alisema tu kwamba jua linatua, twende nyumbani. Sauti yake ilikuwa ileile.

Jumatatu walitupanga uwanjani, wanawake mbele, vijana nyuma. Nyapara alikuwa ametumwa Thika. Gunia lilitembea likafika kwa mke wa seremala, likasimama. Mtoto mgongoni alikuwa anacheza na sikio la mamake. Binti yake alikuwa ameinua uso tena. Nilisikia pumzi ikiingia na kutoka ndani ya gunia, nilikuwa karibu hivyo. Halafu likapita.

Nilitaka kupiga goti nishukuru. Nilikuwa bado naitafuta sala nzuri gunia lilipopita mbele yangu bila hata kupunguza mwendo. Mimi sikuwa nimeona vizuri, mimi kulikuwa na watu mbele, kwa hiyo upande wangu gunia halikuwa na shahidi wa kumwogopa. Likaenda nyuma, kwenye safu ya vijana, likasimama mbele ya kaka yangu na kutikisa kichwa.

Alipanda lori mwenyewe. Hakuna aliyemnyanyua. Hatukumwona tena, wala hatukuonyeshwa kaburi.

Jioni nyapara alirudi kutoka Thika. Binti yake alikuja mbio kwetu, macho mekundu kwa kumlilia kaka yangu, akiwa na mkate uliofungwa kwa karatasi. Aliukata vipande vitatu. Binti wa seremala alitazama chake, akakiweka chini kwenye majani, akaondoka bila kuaga.

Mimi nilikula changu chote. Mimi bado nilikuwa na mama, na gunia lingeweza kurudi.