Jiwe la Kona ya Mbali

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, kwa sababu nilivaa gauni jipya la kitenge nililoshonewa hapa hapa Guangzhou, mtaani kwetu Xiaobei, nikijua kabisa kwamba nakwenda kushinda. Juzi ulipofika kutoka Baiyun, kaskazini mwa jiji, na begi lako la kompyuta, ukaniambia programu utakayomwonyesha mwalimu wako inatambua kila kitu, nilikimbilia jikoni nikacheka huko. Usinielewe vibaya. Nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nakaa na mama mdogo, Mungu amrehemu, juu ya duka lake la simu mtaa wa Dengfeng, na nilikuwa namaliza shahada ya kwanza ya kompyuta. Laoshi wetu, yaani mwalimu, alikuwa na nafasi moja tu katika chumba chake cha utafiti. Nisingeipata, ningerudi Dar, na kila mtu nyumbani angenipokea kwa furaha na mimi ningekufa kwa huzuni. Nilitaka kubaki na kusoma, basi.

Laoshi alikuwa na ugonjwa mmoja: weiqi, ule mchezo wa mawe meusi na meupe ambao wengine huuita Go. Unaweka jiwe, mwenzako anaweka jiwe, kila mmoja anajaribu kumzingira mwenziwe, na jiwe lililozingirwa pande zote limekufa, linaokotwa ubaoni. Kwa kompyuta za wakati ule ulikuwa mgumu ajabu, maana njia za kucheza hazihesabiki. Mimi nikaona njia ya mkato. Nilikusanya michezo ya mabingwa nikaikata vipande vidogo vidogo vya ubao: mawe yakikaa hivi, bingwa hucheza pale. Kila kipande nikakigeuza na kukipindua ili mashine ikitambue hata kikija kimelala ubavu. Ikifika zamu yake, mashine inatazama mawe yaliyo karibu, inatafuta umbo linalolingana, inacheza. Ilikuwa inajibu kabla hujameza mate. Na ilikuwa nzuri, siogopi kusema hata leo.

Siku ya kuionyesha, Laoshi alikaa upande wa pili wa ubao, akaipa mashine yangu mawe kadhaa ya kuanzia, kama mkubwa anavyompa mdogo nafuu. Kazi yangu ilikuwa kusoma kwenye skrini mashine imesema nini, kisha kuliweka jiwe kwa mkono wangu. Pembeni yangu alikaa rafiki yangu Fiston, Mkongo wa Lubumbashi, aliyekuja kunishangilia.

Tulianza vizuri mno. Laoshi akakuna kidevu, Fiston akanifinya bega. Kisha Laoshi akaweka jiwe moja jeupe kule kona ya mbali, peke yake, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Mashine haikujali. Muda si mrefu jiwe jingine la Laoshi likabanwa karibu na kona yetu, na mashine ikasema: fukuza.

Hapo kuna mtego wanaouita ngazi, mwanangu. Jiwe linalokimbia unalifukuza kwa mshazari, huku na huku, mpaka ukingo wa ubao, linafia hapo. Lakini mkimbizi akikuta jiwe la mwenzake njiani, hata lile la mbali kabisa, anaokoka, na wewe uliyemfukuza umeacha mawe yako yametapakaa, kila mahali pana tundu. Mara nikaliona lile jiwe la kona. Lilikuwa linangoja njiani.

Mashine ilikuwa haioni kona. Ilikuwa inaona mawe ya jirani tu, na kila hatua umbo lililingana sawasawa, na kila hatua ilisema: fukuza.

Fiston naye alikuwa ameshaona. Akaninong'oneza, "Dada, weka kwingine. Hakuna mutu anaona écran. C'est rien, si kitu."

Kweli, skrini ilikuwa inanitazama mimi peke yangu. Jiwe lilikuwa mkononi. Ningeliweka kwingine, mchezo ungekuwa wangu na pengine nafasi pia. Niliogopa, nakwambia kweli. Kisha nikaliweka pale mashine iliposema. Na lililofuata. Na lililofuata. Ngazi ikafika kona ya mbali ikavunjika, na mawe yangu yakaanza kuokotwa mbele ya watu.

Laoshi hakuinua macho. Aliniuliza kwa Kichina, "Ulijua?"

"Nilijua, Laoshi."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipoanza kufukuza."

"Na ukaweka."

"Ndicho ilichosema. Ningeweka kwingine, ungekuwa unanipima mimi, si programu."

Akacheka, yule mtu asiyecheka. "Programu yako haioni mbali," akasema. "Wewe unaona. Na sasa najua kwamba nikikuuliza imefanya nini, utaniambia ilichofanya. Kesho njoo mapema, tuifundishe kufuata ngazi mpaka mwisho."

Ndivyo nilivyobaki Guangzhou, mwanangu. Siku hizi mashine zinajifunza zenyewe na mabingwa hawazifikii, lakini hata hizo hutambua umbo kwanza, kisha hupima kitakachofuata. Kutambua ni nusu ya kazi, tena nusu tamu, ndiyo maana watu huishia hapo. Wewe usiishie hapo. Kesho ingia kwa mwalimu wako kichwa juu, mwambie programu yako inajua nini, kisha mwambie haijui nini kabla hajakuuliza. Na mkono wako usiifunikie aibu yake, maana utakayemdanganya wa kwanza ni wewe.

Mungu akuzidishie akili na akupe mkono wa kweli. Na siku utakayoshindwa mbele za watu, akukalishe na mtu anayejua anachokitazama.