Joto Halisemwi kwa Mgeni

Siku ya kwanza kazini Meneja alinitazama viatu kabla hajanitazama uso. Nilivaa vya harusi, vyeusi vya kisigino, maana nilidhani naingia ofisini. "Bi Asha," akasema, "kesho kuja na raba. Hii kazi yetu ni ya kupanda ngazi." Nikacheka. Miaka na miaka nilikuwa nikifagia majukwaa ya uwanja wa mpira hapa hapa Wembley, London. Ngazi ya kunitisha miye haijajengwa.

Nawaandikia nyinyi mabinti mnaoingia kazi hii sasa, na wajukuu zangu, ambao Kiswahili wanakisikia ila wanajibu kwa Kiingereza. Nimezaliwa Wete, Pemba, na skuli niliiacha bado mdogo. Lakini nimekaa meza moja na madiwani, nikasema wakanisikiliza. Najivuna, ndio. Silifichi hilo.

Jumuiya yetu ya kina mama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Kazi yetu, kwa Kiswahili cha ofisini, ilikuwa utetezi wa wanawake katika sera ya tabianchi. Sera ni yale ambayo wakubwa wameamua kuyafanya na kuyalipia. Tabianchi ni hali ya hewa ya miaka mingi, si mvua ya leo. Lililonitisha ni mtazamo wa kijinsia, mpaka Meneja aliponieleza tukingoja basi: "Jua ni moja, lakini haliwapigi watu sawasawa. Uliza linampiga nani, akiwa wapi, amevaa nini, na nani anamtegemea. Basi, umemaliza."

Meneja huyo alikuwa mama wa Kisingasinga wa Southall, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Mkali, mcheshi, hana subira na mtu wa kunung'unika chini chini.

Wakati huo kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ilikuwa inatunga mpango wa joto: jua likizidi, wapi pafunguliwe vyumba vya ubaridi, na nani atembelewe nyumbani. Kabla ya kutunga kuna mashauriano, yaani watu wanaulizwa. Vijana wa kaunsili wakapita majumba yetu mlango kwa mlango: je, joto linakusumbua? Na wanawake wetu wakajibu kama walivyolelewa. "Alhamdulillahi, hatuna taabu. Karibuni chai." Shida yako humwambii mgeni aliyesimama kizingitini. Hata akikaa humwambii, utampa biskuti. Hiyo ndiyo stara. Basi majumba yetu yakatolewa kwenye mpango. Si wenyewe wamesema hawana taabu?

Na miye taabu ilipo naijua. Shoga yangu Bi Zuhura, mjane, anakaa peke yake ghorofa ya juu kabisa, upande wa magharibi. Dirisha la huko limetiwa kizuizi, halifunguki kupita upana wa kiganja. Pazia hafungui, jengo la mbele limemkodolea macho na yeye ndani kajifunga kanga moja. Akienda kwenye ubaridi wa maktaba, lazima avae buibui akae katikati ya wanaume. Basi hubaki ndani kama mkate kwenye jiko la mofa. Kiangazi cha mwaka uliotangulia nilimkuta kaanguka jikoni, midomo imekauka. Alipozindukana, neno la kwanza: "Asha, usimwambie mtu." Daktari tu ndiye aliyejua. Akasema moyo wake ni mchovu, akianguka vile tena huenda asiinuke. Na kiangazi kingine kilikuwa njiani.

Nikamwambia Meneja kwamba wapo wanawake wetu wanaungua humo ndani, ila hawasemi. Akanituma Thornton Heath, kusini mwa London, kwa kina mama wa Kikongo, wengi wao wahudumu wa wazee majumbani. "Enda uone wenzako wanasema aje." Wale bwana! Kanisani mtu anasimama mbele ya wote anatoa ushuhuda: "Mungu ni mwema, lakini nyumba yangu ni tanuri!" Wanapiga makofi. Miye najifunika uso kwa mtandio, aibu naona mimi. Kiongozi wao, Mama Furaha, akaninong'oneza: "Mama Asha, ninyi bamama ba Pemba munakufaka na heshima yenu?"

"Tunakufa nayo," nikamwambia, "na inaingia kwenye sanda." Tukacheka mpaka mchungaji akatukata jicho.

Nilirudi nimeelewa kwamba njia yao nzuri, ila kwetu haipiti. Tukaenda kwa Afisa wa Tabianchi wa kaunsili, kijana wa Kizungu mpole. Hakubishana. Alisema mpango utapitishwa karibuni, na hawezi kuugeuza kwa maneno ya kusikia. Kamati ya madiwani imsikie mtu akisema yaliyompata mwenyewe.

Nikapanda kwa Bi Zuhura kumwomba aende kusema.

"Unataka nikavuliwe nguo mbele ya watu?" akaniambia. "Nimesitirika maisha yangu yote, leo nikaseme nilianguka na kanga imenitoka?"

"Utakufa, Zuhura."

"Nitakufa nimefunikwa."

Nililia ndani ya lifti. Meneja ndiye aliyepata njia. "Kama yeye haendi kwa kamati, kamati itamwendea." Mwenyekiti wa kamati alikuwa diwani mwanamke. Meneja akamwalika kwangu Jumamosi, tulipokuwa tukipika pilau ya khitma, kisomo cha kumwombea maiti, wanawake watupu. Diwani akaja, akapewa kisu, akakalia ndoo iliyopinduliwa akamenya vitunguu. Machozi yakamtiririka. Bibi mmoja akauliza, "Na huyu kafiwa na nani?" Nilipomtafsiria, alicheka kuliko sisi.

Bi Zuhura alikuwa anamenya vitunguu thomu pembeni. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kuna mwanamke mmoja."

Nikasogea kwa Diwani kumtafsiria.

"Mwanamke huyo anakaa juu sana. Kiangazi alianguka jikoni kwake. Alilala pale chini akisikia watoto wa jirani wanacheka, na hakuita. Aliona bora afe kuliko akutwe vile."

Hata wasiokuwa na habari wakang'amua ni nani, na hakuna aliyemtazama. Visu viliendelea. Miye natafsiri, na hilo la kuwasikia watoto hata miye hakuwahi kuniambia.

Diwani hakuuliza jina, Mungu amjaze kheri. Aliuliza, "Akipata chumba karibu na kwake, cha wanawake peke yao, chenye feni, atakuja?"

Bi Zuhura akapuliza maganda ya thomu. "Atakuja. Ila bawabu asiwe mwanamume."

Afisa alikuja mwenyewe kutupa habari. Mpango umepita, majumba yetu yamerudishwa, chumba kipo na bawabu ni mwanamke. Na atakayegonga milango yetu atakaa kwanza, anywe chai, ndipo aulize. Meneja alipiga kigelegele cha Kisumu hadi mwenye duka la vitambaa akapanda kutuuliza kuna nini.

Joto likaja, lami ikalainika. Asubuhi ile nilisimama nje ya chumba, nahesabu wanaoingia. Wakaja wengine, yeye hayupo. Kisha nikauona mwavuli unakata kona pole pole. Aliingia, akavua buibui, akavua mtandio, nywele zake nyeupe zikashuka mabegani. Akanyoosha miguu. "Asha, isogeze feni hii, inanipuliza sikio." Nilikwenda chooni kutia udhu, nikasujudu kumshukuru Mungu palipo pakavu nje ya mlango, watu wakanipita.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa ngazi. Wapo wanaodhani utetezi ni kupaza sauti. Kwa mwengine ndivyo. Mwengine anataka ndoo ya kukalia na mtu asiyemuuliza jina. Kazi yenu, mabinti, ni kujua huyu aliye mbele yenu ni yupi, kisha muwe na ubishi wa kuhakikisha maneno yake yanafika kwenye sera yakiwa mazima.

Zamani joto likipanda nilikuwa nalala na simu kifuani, nangoja habari mbaya. Siku hizi Bi Zuhura hunipigia mchana kunisengenyea nani kaleta sambusa zisizo na chumvi. Usiku simu naiacha jikoni. Nalala.