Ovaroli Arobaini kwenye Makochi ya Kiwanda

Dobi hakuwa mtu wa kumwaga maji ovyo. Kwa miaka kumi na mmoja alifua ovaroli za kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, mtaa wa pili kutoka kwake, na maji ya kusuuzia yote akayapeleka kwenye tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Mchicha ulistawi mpaka majirani wakamwonea kijicho. Sumu ya vumbi la betri ina adabu zake: haikaushi jani hata moja.

Kisha mjukuu wake wa miaka mitatu, aliyekuwa akiongea kama redio, akaanza kulia tumbo na kusahau maneno. Muuguzi akapima damu, akarudi na uso mzito.

"Bibi, damu ina madini ya risasi, tena mengi. Mtoto anacheza wapi?"

"Kwenye tuta, wakati nafua."

"Anakula nini?"

"Mchicha," alijibu Dobi.

Dobi alipopeleka malalamiko, kiwanda kikamtuma Afisa Usalama wake achukue udongo wa kupima. Alirejea baada ya wiki na majibu, na karatasi ya kutia sahihi kwamba Dobi hana madai. Udongo ulikuwa na sumu, kweli. Kiwanda kilitoa pole. Ila kiwanda hakikuwahi kukanyaga ua wake.

"Maji umeyamwaga mwenyewe, mama yangu," alisema, kwa upole wa mtu aliyehudhuria semina. "Tia sahihi hapa, yaishe."

"Maji ni yangu, baba. Na vumbi nililipika jikoni?"

"Vumbi la ovaroli ni la kawaida tu. Halina madhara."

"Hebu liandike hilo."

Akaliandika, tena kwa hati nzuri, akidhani ameshinda.

Kesho yake asubuhi Dobi aliingia mapokezi ya kiwanda na mkokoteni wa ovaroli arobaini, hata moja haijaguswa na sabuni. Akazitandaza kwenye makochi ya wageni, moja moja, kama anayeandaa kitanda cha bwana harusi. Afisa Usalama alitoka mbio, akasita mlangoni.

"Msiguse! Leteni glovu! Fungueni madirisha!"

"Za nini, baba? Vumbi la kawaida hili. Nina karatasi yako." Akaketi katikati ya ovaroli. "Sitoki mpaka mzoe udongo wenu uani kwangu."

"Udongo wetu?"

"Wenu."

Kufikia saa nane mchana, meneja, aliyekuwa akingojea wageni wa maana, akatia sahihi yeye: udongo utachimbwa hadi kina cha goti, na ovaroli zitafuliwa ndani ya kiwanda. Hivyo Dobi akawa amejiachisha kazi kwa mkono wake.

Muuguzi alisema sumu itapungua damuni polepole. Kuhusu maneno, hakuahidi kitu.

Siku ya kuchimba, Dobi alimpeleka mtoto kwa shangazi yake, akajifunga kitambaa puani, akasimama mlangoni. Wachimbaji walichimba kidogo, wakaanza kufungasha makoleo.

"Hapo ni kifundo cha mguu, baba zangu," aliwaambia. "Goti mnalijua. Chimbeni."