Kavuo wa Kilomita Hamsini na Nne

Mwalimu Kitsa Edmond hakuwa mtu wa kukadiria. Ukimwambia kwamba mtoto fulani anakimbia sana, anakuuliza "sana ngapi?", na ukikosa jibu anakugeuzia mgongo. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha michezo katika shule moja ya sekondari ya Butembo, upande wa Kimemi, na muda wote huo saa yake ya kupimia mbio, ile tunayoiita krono, ilining'inia shingoni mwake juu ya tai. Aliivaa hata kanisani, mpaka padri akamwomba kwa upole asiyapime mahubiri. Aliyapima hata hivyo. Watu walimcheka, wakamzoea.

Fahari yake ilikuwa kaye moja, daftari la jalada gumu jekundu, iliyoandikwa REKODI kwa herufi kubwa. Humo aliweka kila jambo ambalo mtu wa Butembo au Beni alilifanya mbele ya macho yake kuwapita wengine wote. Kambere aliyeruka juu mita moja na sentimita themanini na sita, akaangukia unga wa mbao. Paluku aliyetupa tufe la chuma mita kumi na tatu na nusu. Kambere mwingine aliyekimbia mita mia pale uwanja wa ndege wa Rughenda, asubuhi ambayo ndege haikuja. Mathe aliyeteremka Beni kwa baiskeli na gunia la viazi nyuma. Kinshasa hakuna aliyezitambua rekodi hizo, na Edmond hakujali. Kinshasa hawakuwepo, yeye alikuwepo.

Ila alikuwa na kiburi chake kimoja, na nakitaja mapema kwa sababu ndicho kilichotuletea yote. Aliandika jina lile tu ambalo watu walilipigia kelele uwanjani. Sasa kwetu jina la mtu humtangulia duniani: binti wa tatu wa nyumba ni Kavuo, kabla hata hajafumbua macho. Kila ua wenye mabinti watatu una Kavuo wake, na darasa moja linaweza kuwa nao watano. Mkuu wa shule alimshauri aongeze jina la baba au la ubatizo.

"Mwenye hajue ni Kavuo gani," alijibu Edmond, "hii kaye haimuhusu."

Rekodi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Kavuo Tamar, binti wa fundi cherehani wa Kimemi. Mwezi wa nane mwaka 1993, kwa sikukuu ya parokia, iliandaliwa mbio ya kutoka Butembo hadi Beni, kilomita hamsini na nne, kwa ajili ya wanaume. Tamar alikuwa na miaka kumi na saba. Alijipenyeza mstarini bila kuandikishwa na mtu. Edmond alimfuata akiwa amepakiwa kwenye pikipiki, krono mkononi, vumbi hadi kwenye meno. Walipofika Maboya msichana alivua raba zake mpya, akazishika mkononi asije akazimaliza kwa mawe, akaendelea peku. Aliingia Beni baada ya saa nne na dakika thelathini na nane. Mwanamume wa kwanza alimfuata dakika sita baadaye, na hakutaka kusalimiana na mtu. Edmond alilia pale pale barabarani. Kisha akaandika: *Kavuo, 54 km, 4 h 38*. Hakuongeza hata neno.

Kurasa mbili nyuma yake kulikuwa na Kavuo mwingine, aliyetoka Mbau, kule kwenye barabara ya Oicha. Huyo alikuja Butembo kusoma, akaishi kwa shangazi yake. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye rekodi ya wasichana ya kuruka juu, na mvivu wa kukimbia kupita kiasi. Akiambiwa azunguke uwanja mara mbili, mara ya pili anapatikana nyuma ya choo akila muwa. Edmond alimgombeza miaka minne, na kwa siri alimpenda, kwa kuwa alikuwa haongopi: akigusa kamba wakati wa kuruka, alisema mwenyewe kwamba ameigusa. Alipomaliza shule alirudi kwa baba yake, Mbau.

Kisha vita vikaja, na kabla hatujavuta pumzi vikaja vile vya pili. Uwanja wa michezo ukawa kambi. Mwaka 2000 Mbau ilichomwa. Mzee Kahongya, baba yake Kavuo, alitoka mle akiwa na shati alilolivaa, akafika Beni na kusema kwamba nyumba yake iliungua na binti yake ndani. Kilichobaki hakikuwa cha kuzikwa kwa jina. Huku Butembo wenzake wa darasa waliomba misa bila maiti, na Edmond alisimama safu ya tatu. Siku ile hakuyapima mahubiri.

Mwaka uliofuata, askari waliokuwa wameushika mji walishambuliwa kambini mwao. Wakaanza kuulizana ni nani anayepeleka habari kati ya Beni na Butembo, maana habari zilikuwa zinawatangulia hata wao wenye magari. Walipekua nyumba, walipekua parokia, walipekua shule. Kwenye kabati la mipira iliyopasuka wakaikuta kaye nyekundu.

Edmond aliitwa kwenye ofisi ya mkuu wa shule, ambayo sasa ilikuwa ya kapiteni. Kapiteni huyu alitoka mbali, alivaa miwani, na alikuwa na adabu. Hilo ndilo lililomtisha Edmond. Kaye ilikuwa wazi mezani.

"Tala, angalia, mwalimu," alisema kapiteni. "Kambere, Kambere, Paluku, Kavuo, Kavuo, tena Kambere. Huku batu bote banaitwa jina moja? Hii ni majina ya kujificha, ao?"

Masikini Edmond alicheka. Alidhani ameulizwa swali la darasani. Akavuta kiti, akaeleza tangu mwanzo: mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa kiume, wa kike, na kwamba kila nyumba ina wake. Alieleza vizuri, kama alivyoeleza kila kitu, na kapiteni alimsikiliza hadi mwisho.

"Aksanti. Donc, Kavuo ni mengi." Kidole chake kikashuka kwenye mstari. "Lakini huyu wa kilomita hamsini na ine ni moja. Mutu wa kutoka hapa mpaka Beni kwa miguu, masaa ine. Huyu njo ninatafuta. Ni Kavuo gani?"

Cheko likamwisha Edmond. Tamar alikuwa mtaa wa pili kutoka pale, ameolewa, ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Hakuwa amekimbia popote tangu arusi yake.

"Ile ni mambo ya michezo, mon capitaine. Ni zamani."

"Nimeelewa. Ukikosa kukumbuka, hapana shida. Nitaita ba-Kavuo bote ba Kimemi hapa kwa uwanja, nitabauliza moja moja." Hakupandisha sauti. "Nawe utabapimia masaa."

Edmond alimfikiria mtu aliye mahali ambapo hakuna askari anayefika. Wala halikumchukua muda.

"Ni Kavuo ya Mbau," alisema. "Lakini huyu alikufa, mon capitaine. Balimuunguza mu nyumba, mwaka wenye ulipita. Tulimuombea misa."

Kapiteni alichukua kalamu yake na kuandika pembeni mwa mstari, kwa mwandiko mdogo: *Mbau*. Akanakili mstari wote kwenye karatasi nyingine.

Edmond alitoka, akapita kwa Tamar kumwambia. Alisimulia kama mtu aliyefanya jambo la akili, na kweli lilikuwa la akili. Tamar alimhamishia mtoto ziwa la pili.

"Umeweka mbio yangu juu ya mufu," alisema.

"Mufu hapana kamatwa."

Alikosea. Kavuo wa Mbau hakuwa amekufa. Nyumba ilipoungua yeye alikuwa amekimbilia msituni, yeye aliyechukia kukimbia, na aliyeungua mle ndani alikuwa mwingine, mgeni aliyeomba hifadhi. Mwaka mzima na zaidi alitangatanga kutoka kambi ya wakimbizi hadi nyingine, upande ambao habari zake hazikuweza kumfikia baba yake wala za baba yake kumfikia yeye. Mwisho akapata njia. Alipita Beni bila kujua kwamba mzee wake anaishi pale, katika mtaa ulio karibu na soko, akaendelea kuja Butembo kwa shangazi yake.

Kwenye kizuizi cha kuingilia mjini askari walikuwa na karatasi. Mwanamke aliyesimama nyuma yake foleni, mchuuzi wa mafuta ya mawese, ndiye aliyesimulia sokoni kesho yake. Walimuuliza msichana jina. "Kavuo." Kavuo wa wapi? "Ya Mbau." Askari akasoma karatasi, akamuita mwenzake. Wakamuuliza kama ni yeye aliyekimbia kilomita hamsini na nne. Msichana akacheka, alisema yule mama, akacheka kabisa.

"Miye? Miye nilikuwa naruka tu. Muulize mwalimu Kitsa."

Wakampeleka nyuma ya mikaratusi. Mama wa mawese alisikia, na kile alichokisikia hakutaka kukitaja. Foleni ikaambiwa isogee.

Edmond alizipata habari hizo saa tatu asubuhi, na saa tatu na dakika kumi na moja alikuwa mbele ya kapiteni. Alisema yote. Alisema alidanganya, yule alikuwa mrukaji, hajawahi kumaliza hata mizunguko miwili, wamrudishe, au wamuonyeshe alipo. Kapiteni alivua miwani, akaifuta.

"Mwalimu, ni weye ulisema huyu alikufa." Akaisukuma kaye nyekundu upande wake wa meza. "Beba kitu yako. Tumemaliza nayo."

Hakumuuliza tena Kavuo wa kweli ni yupi. Labda alichoka, labda alihitaji jina tu la kuwaonyesha wakubwa wake. Wiki tatu baadaye alihamishwa na hatukumuona tena. Edmond aliivua krono shingoni. Tai alibaki nayo, na ilionekana ndefu kuliko kawaida.

Mzee Kahongya alifika mwezi wa pili baada ya hapo. Alitembea kutoka Beni, na alikuja na mkungu mmoja wa ndizi kichwani, kwa kuwa hatuendi kwa mtu mikono mitupu. Siku hiyo Tamar alikuwa pale kwa mwalimu na mtoto wake mgongoni. Tangu msiba ule alikuwa anakuja, anachota maji, anafagia, anaondoka. Hawakuongea sana.

Mzee alikalishwa. Aliulizwa habari za njia, akajibu. Kisha akaweka mikono juu ya magoti.

"Mwalimu, mutoto yangu nilimulilia mara mbili. Hapana kuja kwa kulia tena. Nilikuja kwa kuuliza neno moja. Batu banasema balimukamata juu ya mbio. Eti alikimbia kutoka hapa mpaka Beni kuliko banaume. Miye sikujua. Hakuniambia. Ni kweli?"

Edmond alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii kila usiku: angepiga magoti, angesema ni mimi niliyemtaja, mtoto wako alikuwa anajificha nyuma ya choo akila muwa. Alimtazama mzee machoni na akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mzee alikuwa amejaa sifa. Amevunjika, amekonda, shati ni lile lile, lakini amejaa sifa za binti yake, na alikuwa ametembea kilomita hamsini na nne kuja kuzithibitisha.

"Ni kweli, papa," alisema Tamar kutoka mlangoni. "Miye nilikimbia naye. Alinipita pa Maboya. Kisha pale niliona mugongo yake tu."

"Na viatu? Alikuwa na viatu?"

Edmond ndiye aliyejibu.

"Alivivua pa Maboya, akavishika mu mukono. Hakutaka biharibike."

"Ni yeye," alisema mzee, na hapo ndipo machozi yakamtoka. "Ni yeye kabisa. Alikuwa anachunga viatu."

Akaomba kuiona kaye. Edmond aliifungua juu ya magoti ya mzee, akamwelekeza kidole kwenye mstari. Mzee hakujua kusoma sana, lakini jina alilijua. Alilipapasa, akapapasa na lile neno dogo la kapiteni pembeni, *Mbau*, akafurahi kwamba waliandika na kijiji.

"Wasingya, mwalimu," alishukuru kwa Kinande. "Lakini haiko jina yote. Ba-Kavuo ni bengi. Kesho mutu atasoma, atasema ni wa mwingine. Andika yote: Kavuo Kahongya Léonie."

Edmond alimgeukia Tamar. Tamar alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akamletea kalamu.

Aliandika. Mkono wake, ambao kwa miaka ishirini na miwili haukuwahi kumwongezea mtu hata sekunde moja, uliandika jina lote, polepole, mzee akimtajia herufi alizozijua. Halafu mzee akaomba asomewe. Akasomewa mara tatu, pamoja na masaa na dakika zake, na mara ya tatu alisoma pamoja naye kwa moyo.

Alipoondoka aliacha ndizi mlangoni. Ziliiva, zikaoza pale pale, na Edmond hakuruhusu mtu aziondoe.